Ufunguo Kwanza, Faili Baadaye: Kuhamisha Faili Zilizosimbwa hadi Laptopu Mpya

Mtu amenunua laptopu mpya. Ananakili folda zake zote kwenye diski ya nje, anaifuta laptopu ya zamani, anampa mdogo wake. Wiki mbili baadaye anatafuta skani ya hati ya kiwanja, anaibofya, na Windows inamwambia hana ruhusa ya kuifungua. Jina la faili lipo, ukubwa upo, tarehe ipo. Ufunguo wa kuisoma ulikuwa kwenye diski aliyoifuta, na hakuna fundi atakayeurudisha.

Hasara hii huzuilika kwa kazi ya dakika chache, mradi ifanywe kabla ya kufuta. Kinachowachanganya watu ni kwamba neno moja, kusimba, yaani kuyavuruga yaliyomo yasisomeke bila ufunguo, hutumika kwa mambo matatu yasiyofanana, na kila moja lina njia yake ya kuhama.

Ni kufuli gani hili?

Aina ya kwanza husimba diski nzima. Humo zimo BitLocker ya Windows, FileVault ya Mac na LUKS ya Linux. Ni kama nyumba yenye geti: ukishaingia ndani, vyombo vyote viko wazi, na chochote utakachonakili kutoka humo hutoka kikiwa wazi. Aina ya pili husimba faili moja moja kwa ajili ya mwenye akaunti. Kwenye Windows inaitwa EFS, na ndiyo inayoliza watu. Aina ya tatu ni sanduku linalotembea na kufuli lake lenyewe: kontena la programu ya VeraCrypt, faili ya 7z yenye nenosiri, hifadhi ya manenosiri ya KeePass. Sanduku la namna hii unalinakili popote, na ukiwa na nenosiri linafunguka.

Fungua "This PC". Kufuli dogo juu ya picha ya diski C ni alama ya BitLocker. Kufuli dogo kwenye kona ya picha ya faili au folda ni alama ya EFS. Mishale miwili ya buluu inayoelekeana maana yake faili imebanwa tu kuokoa nafasi, haina siri yoyote. Lakini macho hayatoshi, maana faili moja yaweza kuwa imejificha folda kumi ndani. Fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, uandike:

cipher /u /n /h

Amri hii hupitia diski zilizomo kwenye mashine na kuorodhesha kila faili iliyosimbwa kwa EFS, pamoja na zile zilizofichwa, bila kubadilisha kitu. Iache imalize hata ikichukua muda. Wengi hukuta folda waliyoisimba miaka mingi nyuma na kuisahau, kwa sababu kila siku ilikuwa inafunguka bila kuuliza chochote. Na kumbuka mashine moja inaweza kuwa na aina zote tatu kwa pamoja.

EFS: kufuli usiloliona

EFS ilikuja na Windows 2000. Unaposimba faili, Windows hutunga ufunguo wa nasibu kwa ajili ya faili hiyo peke yake na kuyavuruga yaliyomo kwa ufunguo huo. Kisha ufunguo huo nao hufungwa kwa ufunguo wa umma wa akaunti yako na kuhifadhiwa pamoja na faili. Kuufungua kunahitaji ufunguo wako binafsi, unaokaa ndani ya wasifu wako wa Windows, na ambao nao umelindwa kwa nenosiri unaloingilia. Ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, yote haya hufanyika kimyakimya. Ndiyo sababu mtu anaweza kutumia EFS miaka mitano bila kujua kuwa ana ufunguo wa kutunza.

Hapo ndipo matatizo yote yanapotoka. Ukiweka Windows upya na kufungua akaunti yenye jina lilelile na nenosiri lilelile, kwa Windows wewe ni mtu mwingine kabisa, na faili za mwanzo hazikujui. Msimamizi wa mashine akikuwekea nenosiri jipya kwa nguvu kwenye akaunti ya ndani ya mashine, ufunguo binafsi haufunguki tena, kwa kuwa ulikuwa umefungwa kwa nenosiri la zamani. Ukilibadilisha mwenyewe kwa njia ya kawaida, kwa kuandika la zamani kwanza kisha jipya, Windows huufunga ufunguo upya na hakuna kinachoharibika. Kwa hiyo kama umesahau nenosiri na una faili za EFS, usikimbilie kumwambia fundi "lifute tu". Hilo ni jambo la kufanya baada ya njia nyingine zote kushindikana.

Kuna mtego mwingine. Faili ya EFS usiyo na ufunguo wake hukupa ujumbe uleule wa kunyimwa ruhusa unaoupata kwenye faili iliyo chini ya akaunti nyingine. Watu hutumia saa nzima kubadilisha umiliki na ruhusa kwenye kichupo cha "Security", wanafanikiwa kuandikwa wamiliki, na faili bado inakataa. Ruhusa na usimbaji ni vitu viwili tofauti. Umiliki unakupa haki ya kulishika gunia, lakini kulifungua ni lazima uwe na ufunguo.

Kabla ya kuhamisha, iulize faili yenyewe inafunguliwa na ufunguo gani. Ingia kwenye folda yake ndani ya Command Prompt, uandike:

cipher /c hati.pdf

Utaona sehemu ya watu wanaoweza kuifungua, jina la akaunti yako, na chini yake alama ya kidole ("thumbprint") ya cheti, yaani hati ya kidijitali inayoubeba ufunguo wako wa umma: herufi na tarakimu 40 zilizopangwa nnenne. Iandike. Mtu aliyewahi kubadilisha mashine au kuweka Windows upya anaweza kuwa na vyeti viwili au vitatu vya EFS, na faili za 2016 zikawa zinategemea cheti tofauti na za mwaka huu. Kuhamisha cheti kipya peke yake kutafungua nusu ya faili na kuacha nusu. Cheti kilichopitwa na muda wake bado kinafungua faili zake, basi usikiache nyuma kwa kuona tarehe imepita.

Sasa toa ufunguo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika certmgr.msc, fungua "Personal" kisha "Certificates". Tafuta cheti ambacho kwenye safu ya "Intended Purposes" kimeandikwa "Encrypting File System". Kibofye mara mbili, nenda "Details", linganisha alama ya kidole na ile uliyoiandika. Rudi kwenye orodha, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "All Tasks" kisha "Export". Ukurasa wa pili ndio wa kusoma kwa makini: unaulizwa kama unataka kutoa na ufunguo binafsi. Jibu ni "Yes". Ukiacha "No", utapata faili ya cheti yenye herufi za mwisho .cer, ambayo haiwezi kufungua chochote. Unachotaka kinaishia na .pfx. Utaombwa kuweka nenosiri la kuilinda faili hiyo. Weka refu, uliandike kwenye karatasi, kwa sababu .pfx usiyokumbuka nenosiri lake ni sawa na kutokuwa nayo.

Kwa asiyependa madirisha mengi, amri ifuatayo hufanya kazi hiyo kwa mkupuo mmoja, na uzuri wake ni kwamba hutoa cheti kilekile kilichosimba faili unayoitaja:

cipher /x:hati.pdf D:\ufunguo-efs

D hapa ni flashi. Badilisha herufi kulingana na mashine yako.

Kwenye laptopu mpya bofya ile .pfx mara mbili, chagua "Current User", andika nenosiri lake, na utie alama kwenye kisanduku kinachoruhusu ufunguo utolewe tena siku zijazo. Usipotia alama hapo, safari ijayo ya kuhama hutaweza kuutoa kwenye mashine hii. Mengine yakubali yalivyo. Kisha ndipo ulete faili.

Na kuzileta kuna adabu yake. Diski ya nje iwe na NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski. Ukinakili faili ya EFS kwenda NTFS, inabaki imesimbwa kwa cheti chako. Diski na flashi nyingi, lakini, huuzwa zikiwa na mifumo mingine, FAT32 au exFAT, na huko matokeo hutegemea toleo la Windows: ya zamani huivua faili usimbaji na kuiandika ikiwa wazi, na Windows 10 za kuanzia toleo 1607 huweza kuiandika ikiwa imesimbwa, ambapo kwenye Mac au Linux utaiona ikiwa na herufi za mwisho PFILE. Kuipakia kwenye hifadhi ya mtandaoni au kuiambatisha kwenye barua pepe huivua kabisa, kwa kuwa programu hizo husoma faili ambayo Windows imeshaifungua. Anayejituma hati zake kwa barua pepe akiamini zimesimbwa amezituma wazi.

Kuna hali moja ambayo njia hii yote haifai, na kwetu Afrika Mashariki ni ya kawaida. Laptopu za mtumba kutoka maofisi ya Uingereza, zile zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue, kwa kawaida huja na Windows Pro. Laptopu mpya ya dukani ya bei ya kati huja na Windows Home, ambayo haina EFS kamili: kisanduku cha kusimba kipo, lakini kimefifia, hakibofyeki. Anayehama kutoka ya kwanza kwenda ya pili aziondolee faili zake usimbaji kwenye mashine ya zamani kabla ya kuhama. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, "Properties", "Advanced", ondoa alama kwenye "Encrypt contents to secure data", kubali ihusu na vilivyomo ndani. Au kwa amri:

cipher /d /s:C:\Hati

Chomeka chaja kwanza. Folda kubwa huchukua muda. Ukimaliza rudia ile amri ya cipher /u /n /h, uhakikishe orodha imekuwa tupu. Hati hizo sasa ziko wazi, kwa hiyo usizibebe hivyo kwenye flashi ndani ya daladala. Ziweke ndani ya kontena la VeraCrypt, ambalo tunalifikia hivi punde.

Na kama Windows ya zamani imeshakufa lakini diski ni nzima? Usiiformati. Ufunguo binafsi uko ndani ya C:\Users, kwenye folda ya mtumiaji, chini ya AppData\Roaming\Microsoft, katika folda za Crypto, Protect na SystemCertificates. Kitu rahisi zaidi ni kuirudisha diski kwenye mashine yake, kufufua Windows ileile, kuingia na kutoa .pfx. Ikishindikana, folda hizo tatu pamoja na nenosiri la zamani ndiyo malighafi ambayo mtaalamu wa kuokoa data anaweza kuifanyia kazi. Mashine ikiwa ya ofisi iliyounganishwa na seva ya kampuni, uliza kitengo cha TEHAMA kwanza: mara nyingine huwa wamejiwekea cheti cha akiba chenye uwezo wa kufungua faili za wafanyakazi wote.

BitLocker: shida ni pale diski inapotoka mahali pake

Kama laptopu ya zamani inawaka na unaingia kama kawaida, BitLocker haikuzuii chochote. Nakili faili, zitatoka wazi, basi. Kizuizi huja pale laptopu inapoharibika skrini au ubao mama na fundi akaichomoa diski kuitia kwenye nyingine. Ufunguo wa BitLocker kwa kawaida hulindwa na chipu iitwayo TPM, iliyomo kwenye mashine ile ya zamani. Diski ikijikuta kwenye mashine ngeni, inaomba ufunguo wa uokozi: tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita sita. Kila kundi hugawanyika kwa 11 bila kubaki, na ndiyo maana ukikosea tarakimu moja mfumo hukuambia kundi lipi lina kosa kabla hujamaliza.

Wengi hawajui hata kuwa wana BitLocker. Windows 11 ya toleo 24H2, ikiwekwa upya kwenye mashine na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, huisimba diski yenyewe, hata ikiwa Home. Ufunguo wa uokozi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey uuone. Skrini ya uokozi huonyesha kitambulisho cha ufunguo inaoutaka. Kilinganishe na orodha yako, kwa maana aliyewahi kuwa na mashine tatu atakuta funguo tatu.

Kwenye mashine ambayo bado inawaka, fungua Command Prompt kama msimamizi:

manage-bde -status
manage-bde -protectors -get C:

Ya kwanza inakuambia kama diski imesimbwa, ya pili inakuonyesha zile tarakimu 48. Ziandike kwenye karatasi, zikae mbali na laptopu. Diski ikishatolewa na kuchomekwa kwenye laptopu mpya kwa kasha la USB, ibofye, chagua kutumia ufunguo wa uokozi, andika tarakimu, na faili ni zako. Fanya hivyohivyo kwa laptopu mpya siku ileile unayoiwasha, kwa sababu nayo ina chipu yake na ufunguo wake.

VeraCrypt: sanduku husafiri salama, mwenye sanduku ndiye hukosea

Kontena la VeraCrypt ni faili moja. Lifunge kwanza kwa "Unmount" (matoleo ya zamani huandika "Dismount"), kisha linakili. Kontena la GB 20 halitaingia kwenye flashi ya FAT32, hata flashi iwe ya GB 64 na tupu, kwa kuwa FAT32 haipokei faili moja inayofikia GB 4. Iformati flashi iwe exFAT au NTFS. Kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida kwa flashi za bei nafuu, GB 20 ni kama dakika 33 za kuandika. Usiichomoe kwa sababu mstari umefika mwisho. Itoe kwa "Eject", usubiri ikubali.

Kisha hakikisha nakala ni sawa na asili. Kwenye mashine zote mbili:

certutil -hashfile siri.hc SHA256

Safu mbili za herufi zikifanana, kontena limefika zima. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, nakili tena. Kuna jambo hapa linalowapata wenye programu za kusawazisha folda: VeraCrypt, kwa mpangilio wake wa mwanzo, haibadilishi tarehe ya kontena hata ukiongeza faili ndani. Programu ya kusawazisha huona tarehe na ukubwa havijabadilika, inaliruka, nawe unahamia kwenye mashine mpya ukiwa na kontena la miezi sita iliyopita. Kwenye "Preferences" ondoa alama inayohusu kutunza tarehe ya kontena, au nakili kwa mkono.

Nenosiri likikataliwa kwenye mashine mpya huku una hakika nalo, tazama kibodi kabla ya kitu kingine. Kwenye kibodi ya Uingereza alama ya @ iko pembeni ya kitufe cha Enter na alama ya kunukuu iko juu ya 2. Kwenye ya Marekani zimebadilishana, na palipokuwa na alama ya pauni utapata #. Aliyetoka kwenye mtumba wa Uingereza kwenda laptopu yenye kibodi ya Marekani vidole vyake vitaandika nenosiri jingine. Tia alama "Display password" uone unachoandika. Usijaribie kwenye Notepad, kwani ya Windows 11 hukumbuka maandishi hata usipoyahifadhi.

Matoleo nayo yana mpaka wake. Mradi wa TrueCrypt ulikoma Mei 2014, na VeraCrypt iliendelea kufungua makontena yake hadi toleo 1.25.9. Kuanzia 1.26 uwezo huo umeondolewa. Mwenye kontena la zamani la TrueCrypt aweke 1.25.9, afungue, ahamishie faili kwenye kontena jipya.

Waliotumia faili fulani kama ufunguo wa pili, picha au wimbo, wawe waangalifu kupita wote. VeraCrypt husoma MB 1 ya mwanzo ya faili hiyo, na biti moja ikibadilika pale, kontena halifunguki. Picha ukijitumia kwa WhatsApp kama picha hubanwa upya: kwa macho ni ileile, kwa VeraCrypt ni nyingine. Wimbo ukiuhariri jina la msanii, mwanzo wa faili umebadilika. Beba faili ya ufunguo kwa flashi, na ipime kwa certutil kama ulivyopima kontena. Aliyeweka PIM, namba ya hiari ambayo VeraCrypt huitumia pamoja na nenosiri, aikumbuke pia, kwa kuwa bila namba sahihi nenosiri sahihi hukataliwa.

Watumiaji wa GPG, programu ya kusimba ujumbe na faili, kazi yao ni fupi: gpg --export-secret-keys kwenye mashine ya zamani, gpg --import kwenye mpya, kisha fungua ujumbe mmoja wa zamani kuthibitisha.

Kabla ya kuifuta ya zamani

Kwenye laptopu mpya, diski ya nje ikiwa imechomolewa, fungua faili kadhaa za miaka tofauti: ya zamani kuliko zote, ya jana, na moja kutoka kila folda iliyokuwa kwenye orodha ya cipher. Zifungue hasa, usome ukurasa wa mwisho wa PDF, kwa maana jina na ukubwa havithibitishi kitu. Zima mashine, iwashe, jaribu tena. Iache ya zamani ikae kabatini wiki chache.

Siku ya kuifuta, tumia "Reset this PC", chagua "Remove everything", na kwenye mipangilio ya ziada washa "Clean data". Kwenye SSD, faili ulizozifungua kwa cipher /d kwenye diski isiyosimbwa zinaweza kuacha mabaki ambayo kufuta kwa kawaida hakuyafikii. Kwa hiyo kama laptopu inauzwa na BitLocker inapatikana, iwashe kwanza kwa diski nzima, subiri manage-bde -status ionyeshe asilimia 100, ndipo ufute. Flashi yenye .pfx usiifute pamoja nayo. Fanya nakala mbili, moja ikae nyumbani na nyingine kwa mtu unayemwamini, na karatasi ya nenosiri lake isilale kwenye droo moja na flashi.